Ng'ombe Aliyengoja Taa ya Kijani

Sijawahi kuwa na kitu kizima. Kule Karagwe nilikokulia, vikombe vya wageni vilikuwa vitano katika seti ya sita, na wakija wageni watano mama alisema chai imemkinaisha siku hizi. Tuliporudi Rwanda mizigo yetu ilipakiwa kwenye malori mawili, likafika moja, na hilo lililofika ndilo lililobeba vifuniko vya masufuria. Kwa hiyo mtu asinicheke nikisema kwamba nilipofikia umri wa kuvaa miwani ninayoiuza mwenyewe, nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kuwa na kitu kisichopungua.

Ninapima macho na kuuza miwani Remera, hapa Kigali. Ukuta uliotazamana na mlango wangu ulikuwa mtupu kwa miaka, mpaka Jumapili moja kijana mchoraji akamchora hapo mama anayefagia barabara kwa bidii mpaka akazoa na kivuli chake mwenyewe. Nilimchukia yule mama wiki nzima. Wateja niliowaambia wasome herufi ukutani kwangu walikuwa wanageuka kumsoma yeye. Halafu mwenye jengo akapaka ukuta rangi ya maziwa, maana Kigali haina subira na ukuta wenye maneno mengi, na asubuhi ile nilifungua duka nikajiona nimefiwa.

Mchoraji alipita baadaye akiwa na karatasi zilizokunjwa ndani ya bomba. Nikamwita nimgombeze kwa kumleta yule mama na kumwacha apakwe rangi. Akaniambia, akiniita shangazi kwa Kifaransa, "Tantine, ukuta unaenda. Printi inabaki." Akanieleza kazi yake: anawamba kitambaa chembamba kwenye fremu, anasukuma wino kwa mpira upite kwenye matundu, kila rangi na kitambaa chake. Akimaliza nakala alizopanga anaosha vitambaa, na mchoro ule hauchapwi tena. Pembeni anaandika kwa penseli namba ya nakala na kutia sahihi. Nilimnunua mama mfagiaji palepale.

Alichora kuta nane kati ya Gisimenti na Kicukiro, na zote nane zikaja kupakwa rangi, na kila moja niliipata printi yake. Dereva wa pikipiki anayemvisha abiria kofia kama askofu anayemsimika mwenzake. Korongo mwenye taji aliyeshika mwavuli. Sitazitaja zote, wenye kukusanya tunachosha haraka. Ya nane ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa pembe ndefu, wa rangi ya kahawia, amesimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu pale Gisimenti, anangoja taa iwe kijani. Hakuna gari hata moja barabarani. Anangoja tu.

Mama mmoja mwenye ukumbi mdogo wa maonyesho alisikia habari zangu akanipigia simu. Alikuwa amewatafuta wanunuzi wote wa mchoraji yule. Mmoja amehamia Ulaya na zake, mwingine amezibandika ukutani kwa gundi ya mbao, wa tatu anazo nne na hataki kuzungumza. Ni mimi peke yangu niliyekuwa na zote nane. Akasema angefanya maonyesho, na mlangoni angeweka kibao kimeandikwa mkusanyo kamili, na jina langu chini yake. Kamili. Nilikuwa nikiosha vyombo huku nalisema neno lile kwa sauti.

Sasa ikaja siku ya gusaba ya mtoto wa kaka yangu. Gusaba ni siku ambayo upande wa mvulana unakwenda kuomba mke na kutoa ng'ombe. Mjini hakuna wa kufuga ng'ombe uani, kwa hiyo ng'ombe wa sherehe hukodishwa: wanakuja na lori, wameogeshwa, pembe zimepakwa mafuta, wanasimama bustanini wanasifiwa na kupigwa picha, wanaondoka. Wale halisi hupangwa baadaye, kijijini, kimyakimya. Lakini lazima watu wamwone ng'ombe siku ile. Bila ng'ombe hakuna bibi harusi.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nimevaa mushanana wangu wa zambarau, lile vazi letu la kufunga begani, na ndani ya gari langu, kwenye kiti cha nyuma, alikuwa ng'ombe wa Gisimenti, niliyemchukua asubuhi ile kwa fundi wa fremu. Nilipanga nimpeleke ukumbini Jumatatu.

Wasemaji wakabishana kwa ufundi kama inavyotakiwa, wa kwao akakataa, wa kwetu akabembeleza, mpaka ukafika wakati wa ng'ombe. Kijana mmoja akamnong'oneza kaka. Mwenye ng'ombe alikuwa ameahidi ng'ombe walewale kwa harusi nyingine ya mapema, na kule wasemaji walikuwa hodari kupita kiasi. Walikuwa bado wanabishana. Ng'ombe wetu walikuwa wamesimama kwenye bustani ya watu wengine, wanasubiri watu wakubaliane.

Kaka akanyoosha mgongo. "Ng'ombe wetu amefika," akatangaza. "Huyu ni ng'ombe wa mjini. Amekuja kwa gari dogo."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Kisha akanigeukia akanyoosha mkono, anataka ufunguo wa gari. Huwezi kumnyima kaka yako kitu mbele ya wakwe, nikampa. Nikaja kuelewa pale nilipowaona vijana wawili wenye fimbo za kuchungia wanatoka maegeshoni, katikati yao wamebeba printi yangu ya nane, mmoja akisema "hoo, hoo, taratibu" kama anayemtuliza mnyama.

Ningesema nini? Nikisema huyu si ng'ombe, basi hakuna ng'ombe, na kijana wetu alikuwa ameshalowa jasho mpaka kwenye tai. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikatabasamu meno yote.

Upande wa mke, kwa desturi, hutuma mtu anayejua ng'ombe akakague kama ni mzima. Wakamtuma mzee mwenye kofia ya pama. Aliizunguka ile fremu, akachungulia nyuma, akagonga ubao kwa kidole, akainama akatazama kwato. Akarudi akatoa taarifa mbele ya watu wote kwamba ng'ombe ni jike, mwili safi, kupe hana, pembe zimesimama, na tena anajua sheria za barabarani. Makofi. Akasimama msifu ng'ombe akatiririsha majina ya sifa kama angemsifu ng'ombe yeyote, akiitazama ile karatasi usoni bila haya.

Nilijipa moyo. Nikasema huu ni utani, tukimaliza kula nitaichukua. Nilipomaliza ndizi zangu nikaenda pembeni ilipokuwa imeegemezwa, nikakuta nyasi zimelala tu. Ilikuwa imeshapakiwa kwenye pikapu, na babu wa bibi harusi amekaa nyuma kando yake, ameishika fremu kwa mikono miwili.

"Ng'ombe akishatolewa harudishwi, dada," kaka akaniambia. "Unajua."

"Ile ni printi yangu."

"Ilikuwa printi asubuhi."

Sikuzungumza naye kwa muda, na kwetu hilo si jambo dogo, maana tumebaki wawili. Nilimpigia mchoraji nikamwomba anichapie nyingine. "Vitambaa nimeosha, tantine," akasema. "Na nikichapa nyingine, zile za wengine zote zitakuwa uongo." Nilimtukana kidogo, halafu nikamwomba radhi, kwa sababu kijana alikuwa na haki, na ni hiyo haki yake niliyokuwa nainunua miaka yote.

Desturi ina mlango wake. Aliyetoa ng'ombe anaruhusiwa kwenda kumtazama. Basi Jumapili nikaenda Kicukiro, kwenye nyumba ya mama wa bibi harusi, anakoishi yule babu. Ni nyumba nzuri yenye ua wa matofali uliofagiliwa mpaka unang'aa, ua ambao hata kuku angeona aibu kuukanyaga. Nikamkuta babu barazani kwenye kigoda. Mbele yake, likimpiga jua la saa nane usoni, alikuwa ng'ombe wangu.

Wino ule ukikaa juani unapauka, na ukishapauka umepauka.

"Mzee," nikasema, "hii haikai juani."

Akanitazama kwa huruma. Alikuwa amechunga maisha yake yote Uganda, na tangu aletwe Kigali na binti yake hakuwa amegusa mkia wa ng'ombe. "Ng'ombe ya kukaa ndani inakuwa na macho dhaifu," akasema.

"Macho ndiyo kazi yangu, mzee."

"Ya watu," akasema.

Lakini alikubali kwamba jua la mchana ni kali, hata kwa ng'ombe. Akaweka utaratibu. Asubuhi ng'ombe atoke barazani, mchana aingie kivulini, jioni arudi sebuleni. Nikawa nimeongeza tatizo badala ya kulipunguza, maana sasa printi yangu ilikuwa inabebwa kutwa, na kila anayepita anakishika kioo na vidole vya mafuta. Jumapili iliyofuata nikamkuta amewasha moshi wa majani makavu kwenye kopo la rangi, mbele ya fremu, wa kufukuza inzi. Moshi. Nikamwambia, nikijikaza nisipige kelele kwenye nyumba ya wakwe, kwamba pana kioo, inzi hawawezi kumfikia.

"Kioo iko ya wewe," akasema. "Inzi iko ya ng'ombe."

Chini ya fremu palikuwa na beseni la maji na fungu la majani mabichi. Kilichomsumbua yule babu kilikuwa taa. Ng'ombe, alisema, ana heshima kubwa, amefundishwa vizuri, lakini ile taa imekuwa nyekundu siku nyingi mno, na mnyama hawezi kungoja bila kula. Alikuwa ameshamuuliza mkwe wake, ambaye ni mtu wa ofisi, kama kuna mahali mtu anaweza kulalamika juu ya taa. Mkwe alisema ataulizia.

Jumapili ya tatu niliamua kumaliza maneno. Nilisimama mbele yake nikasema, "Mzee, nakuheshimu. Lakini hii ni karatasi."

Hakukasirika. Alifuta kioo kwa pindo la koti lake. "Kama iko karatasi," akasema, "mbona unakuja kuiangalia kila wiki? Karatasi haitembelewi."

Niliondoka nikasahau mkoba, ikabidi nirudi kuuchukua, na hasira ikiwa imeshaharibika. Binti yake, yule mama wa bibi harusi, akanisindikiza mpaka getini. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kabla ya ng'ombe yule, baba yake alikuwa anaamka saa nne, saa tano, siku nyingine haamki. Sasa anatoka na umande. "Mama, usimchukulie ng'ombe wake," akaniambia. Nilimwambia sijui anazungumzia nini. Nilikuwa najua.

Tukajaribu kubadilishana. Mimi na kaka, tuliokuwa tumepatana kwa sababu ya shida hii, tukaenda kumwambia babu kwamba tutamnunulia ng'ombe wa kweli, mwenye maziwa, atunzwe kijijini kwa ndugu. Babu alifurahi sana. Alisema ng'ombe hakataliwi, atampokea kwa mikono miwili, na huyu wa Gisimenti atapata mwenzake, maana amekuwa mpweke pale barabarani.

"Tulimaanisha badala yake, mzee," kaka akasema.

"Badala?" akauliza, na akatutazama kama watu waliomwambia abadilishe mjukuu. Tukaaga.

Zilibaki siku chache maonyesho yafunguliwe. Mwenye ukumbi alikuwa ananipigia kila siku, na kibao chake kilikuwa tayari. Nilirudi Kicukiro nikiwa nimekata tamaa, nikamweleza babu ukweli wote: kwamba ninazo nyingine saba, kwamba hizi nane ni ndugu, kwamba watu watakuja kuziona pamoja, na kwamba maisha yangu yote nimetaka kitu kizima na nilikuwa nimekipata, na kaka yangu akakitoa mahari. Niliona aibu.

"Nitakulagiza," babu akasema.

Kulagiza kwake ni kuragiza, jambo la zamani. Mwenye ng'ombe anampa mtu mwingine amchungie. Mchungaji anachukua maziwa na samadi. Ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wa mwenyewe. Tulishikana mikono mbele ya binti yake kama shahidi, na nikaahidi, mimi mwanamke mwenye cheti cha kupima macho, kwamba nitampeleka mnyama na kumrudisha bila jeraha, na kwamba samadi ni yangu.

Siku ya ufunguzi babu alikataa ng'ombe alazwe kwenye buti. Akasafiri amesimama kiti cha nyuma, amefungwa mkanda, na babu kando yake amevaa suti na fimbo mkononi. Kila tulipofika kwenye taa nyekundu alimgeukia akamnong'oneza kitu kwa Kinyarwanda. Nadhani alikuwa anamwonyesha kwamba si yeye peke yake.

Ukumbini palikuwa pazuri mno, sikatai. Saba zangu zilikuwa zimetundikwa kwa mstari, na nafasi ya nane ikingoja. Babu akaitazama ile misumari. "Juu sana," akasema. "Miguu iko hewani." Mwenye ukumbi akaeleza habari ya usawa wa macho. Babu akasema macho ya watu yana shingo ya kuinamia. Wakabishana, na mwishowe ya nane ikawekwa sakafuni, imeegemea ukuta, kwato zikikaribia zulia, na babu akakaa pembeni kwenye kigoda. Wageni walipofika niliwasikia wakisifu ushujaa wa mpangilio ule. Kijana mmoja mwenye miwani ya bei mbaya, si ya dukani kwangu, akampiga picha babu kutoka pande zote, kisha akamuuliza anawakilisha nini.

"Ninawakilisha mwenyewe ng'ombe," babu akasema. Kijana akaandika.

Alizipitia na zile nyingine saba, polepole, mikono nyuma. Kwa korongo wa mwavuli alitikisa kichwa. Kwa dereva wa pikipiki aliniuliza kama hawa nao wamepewa maji. Nikasema hawa wanajitegemea.

Mchoraji akaja amechelewa. Watu wakamzonga, lakini babu akamwita kwa fimbo, na kijana akaja akachuchumaa mbele ya kigoda kama inavyompasa. "Wewe ndiyo umeiweka kwenye taa?" babu akamuuliza. "Iko inangoja tangu nimeipata. Haijavuka."

Nilidhani kijana atacheka. Akaitazama kazi yake mwenyewe, akiwa na uso wa mtu aliyeitwa shuleni kwa ajili ya mtoto wake. "Unisamehe, muzehe," akasema. "Sikufikiria kama itakaa hivyo."

"Ng'ombe haikukosea," babu akasema. "Ni taa."

Kijana akakaa chini pale sakafuni, akaacha wateja wake na wanaomtafuta, wakawa wawili wanamtazama ng'ombe. Sijui walizungumza nini. Nilikuwa nimeitwa mbele.

Mwenye ukumbi alikuwa amesimama mlangoni na kipaza sauti, na kibao chake kikiwa bado kimefunikwa kitambaa. Alisema maneno mazuri juu ya kuta zilizopakwa rangi, na juu ya mwanamke mmoja wa Remera aliyezihifadhi. Alisema hakuna mtu mwingine aliyefanya hivyo. Akanisogezea kipaza sauti. "Mama, tuthibitishie wewe mwenyewe. Zote nane ni zako?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu lile jikoni. Ni neno moja, ndiyo, na hakuna ambaye angenipinga. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake. Babu hakuwa ananitazama, alikuwa ameinama anatoa kitu kwenye zulia, karibu na kwato, ili mnyama asije akakikanyaga. Nilikitazama kile kitambaa, na lile neno chini yake nililolitaka tangu vikombe vya mama, na nikahisi limefika kinywani, zima kabisa.

"Ninazo saba," nikasema. "Na ng'ombe mmoja, ninamchungia mwenyewe, yule mzee."